KINA MAMA NA KOMPYUTA: SWALI LA BINTI WA MUNUNGA



Mwishoni mwa Novemba, siku chache kabla uvuvi haujafungwa, tulikuwa Mununga. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam huenda hawapajui. Ni mji mdogo wa wavuvi kando ya Ziwa Mweru, katika wilaya ya Chiengi, mkoa wa Luapula. Ukitoka boma la Nchelenge unafuata ufuko kwenda kaskazini, unavuka mto Kalungwishi, na mkono wako wa kushoto ni maji siku zote. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Kiswahili cha hapa kimevuka ziwa pamoja na wafanyabiashara wa samaki; majumbani watu husema Kibemba, Kishila na Kibwile. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari sheria inakataza kuvua ili samaki wazae, kwa hiyo siku zile kila mtu alikuwa mbioni. Chisense, hao dagaa wetu wadogo, walikuwa wameanikwa mchangani kuanzia majini hadi milangoni mwa nyumba, na ilibidi tutembee kama watu wanaovuka mto juu ya mawe.

Tulifikia kwa mwanachama wetu wa zamani. Mzee huyu alichuma chai miaka mingi katika mashamba ya Kawambwa, akarudi ziwani kwa mkewe, ambaye hununua chisense kwa wavuvi, huwakausha na kuwauza kwa wanunuzi wa Ukanda wa Shaba. Nyumbani wana kijana wa kiume aliyemaliza shule mwaka juzi, na binti ambaye ndiyo kwanza amemaliza gredi ya 12. Juu ya meza kulikuwa na fomu moja.

Fomu ile ni ya Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo. Wasomaji wetu wa Zambia wanajua kwamba mwaka 2022 Serikali iliongeza fungu la kila jimbo kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, na sehemu ya fedha hizo ikatengwa kwa kuwasomesha vijana ufundi. Mfuko hulipa karo. Lakini nauli, sabuni, daftari na chakula cha siku ambayo chakula hakipo, hayo ni ya mzazi. Mzee alikwisha piga hesabu yake: anaweza kumtunza mtoto mmoja chuoni, si wawili. Na alikwisha amua kwamba huyo mmoja ni kijana wa kiume, akajifunze kuchomelea vyuma.

"Kuchomelea ni kazi inayoonekana," alituambia. "Lango likivunjika, watu wanakuja. Huyu binti anataka kompyuta. Kompyuta ni ya ofisini, na ofisini wanataka watoto wa wakubwa."

Binti alikuwa anapuliza moto. Hakugeuka, ila alisema: "Ba tata, mwalimu alitwambia huko Marekani kuna mkutano wa wanawake wa kompyuta. Maelfu kwa maelfu. Na mkutano umepewa jina la mwanamke. Kama kazi hii si yetu, mkutano ule ni wa nini?"

Mzee akacheka, kisha akatugeukia. "Ninyi ndugu wa chama mnasoma magazeti. Ni kweli?"

Tulikubali kwamba tumesikia, lakini usiku ule hatukuwa na jibu lote. Tulimwahidi kulitafuta. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi tunayaandika hapa kwa sababu tunaamini fomu ya namna ile iko juu ya meza nyingi za wanachama wetu, siyo Mununga peke yake.

MKUTANO WENYEWE

Mkutano upo, na jina lake ni la Grace Hopper. Ulifanyika mara ya kwanza mwaka 1994 mjini Washington, na waliouanzisha ni wanawake wawili wataalamu wa kompyuta, Anita Borg na Telle Whitney. Walihudhuria watu kama 500.

Chanzo chake kinatupendeza sisi watu wa vyama. Mwaka 1987 Anita Borg alikwenda kwenye mkutano wa wataalamu wa mitambo ya kompyuta. Ukumbi ulijaa wanaume. Wanawake walikuwa wachache kiasi kwamba walipokutana chooni walishangaa kuonana, wakaanza kuzungumza hapo hapo, wakaamua kwenda kula pamoja. Kutokana na chakula kile wakaanza kuandikiana kupitia kompyuta zao, kila mmoja akieleza shida ya kazini kwake na mwenzake akimjibu. Je, wafanyakazi wangapi waliounda tawi hawakuanzia mahali kama pale, chooni, bombani, au kwenye foleni ya mshahara? Bosi hasikii, ndipo maneno yanapotoka.

Anita Borg alifariki mwaka 2003. Mkutano uliendelea kukua, na mwaka 2023, huko Orlando, waliokusanyika walihesabiwa kuwa kama 30,000. Wanachofanya ni hiki: wataalamu husimama na kueleza kazi zao, wanafunzi huonyesha walichotengeneza, na katika ukumbi mkubwa waajiri hukaa mezani na kuwahoji wanaotafuta kazi. Hilo la mwisho tutalirudia, maana lina mambo yake.

HUYO GRACE HOPPER NI NANI?

Alizaliwa New York mwaka 1906, akasomea hesabu hadi kupata udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, akawa mwalimu. Vita vilipopamba moto alijiunga na jeshi la majini mwaka 1943, na mwaka uliofuata akapelekwa Harvard kwenye mashine ya kuhesabu yenye urefu wa karibu mita kumi na tano. Hakuna aliyekuwa ameisomea mashine ile shuleni, kwa kuwa shule yake haikuwapo. Alijifunza kwa kuifanyia kazi, kama fundi mitambo yeyote.

Sasa tueleze kazi yake kubwa, tena taratibu, kwa kuwa inatuhusu. Kompyuta haijui lugha ya mtu. Inajua namba tu. Siku zile aliyetaka mashine ifanye hesabu ilimpasa aandike maagizo yote kwa namba, mstari baada ya mstari, na akikosea namba moja kazi yote imeharibika. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa mali ya wanahesabu wachache. Hopper akauliza swali la mtu mwenye akili timamu: kwa nini mtu ajifunze lugha ya mashine, ilhali mashine inaweza kutafsiri lugha ya mtu? Wenzake wakamwambia haiwezekani, kompyuta ni ya kuhesabu tu. Mwaka 1952 alikuwa na programu ya kwanza ya namna hiyo, ambayo ilichukua maagizo mafupi na kuyageuza yenyewe kuwa maagizo ya mashine. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba watu walikataa kuitumia kwa muda mrefu, ingawa ilikuwa inafanya kazi mbele ya macho yao.

Kutokana na kazi hiyo ikaja, mwaka 1959, lugha ya kompyuta iitwayo COBOL, iliyoundwa kwa ajili ya kazi za ofisi: mishahara, akiba, bima, hesabu za ghala. Aliyetoa wito ili lugha hiyo itungwe alikuwa mwanamke, Mary Hawes. Miongoni mwa walioketi na kuitunga alikuwamo mwanamke mwingine, Jean Sammet. Hopper alikuwa mshauri wao, na msingi wake ulikuwa kazi yake. Mabenki na serikali duniani wakaitumia kwa miaka mingi kuandaa mishahara na malipo ya uzeeni. Basi, ndugu mfanyakazi, wengi tuliopata karatasi ya mshahara iliyopigwa na mashine tulifikiwa na mkono wa wanawake hawa bila kujua.

Alistaafu jeshini mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha amirali. Alikuwa na desturi ya kugawa vipande vya waya kwa wasikilizaji wake, kila kimoja cha urefu wa kama sentimita 30. Huo, alieleza, ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Wakubwa wa jeshi walipolalamika kwamba ujumbe wa setilaiti unachelewa, yeye aliwaonyesha waya: kati ya hapa na huko juu, vipande hivi ni vingi sana. Alifariki tarehe 1 Januari 1992.

Tulipomsimulia mzee habari ya waya alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Waya ni shaba. Shaba ni yetu." Hakusema vibaya. Miaka ya 2000 mawe ya shaba na fedha kutoka Dikulushi, ng'ambo ya Kongo, yalikuwa yakivushwa ziwa hili hili kwa pantoni hadi Nchelenge, na watu wa ufukoni waliyaona yakipita.

"KOMPYUTA" LILIKUWA JINA LA MTU

Jambo lililotushangaza kuliko yote ni hili. Kabla ya mashine, neno kompyuta huko Ulaya na Marekani lilikuwa jina la kazi, kama tusemavyo karani au mpishi. Lilimaanisha mtu anayekaa na karatasi na penseli akihesabu mchana kutwa. Wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wanaume. Tukisema kwamba kazi ya wanawake hudharauliwa kwanza, kisha ikipata thamani hunyang'anywa, watu hutuambia tunatia chumvi. Na waangalie mfano huu.

Mashine iitwayo ENIAC ilionyeshwa kwa watu huko Philadelphia mwezi wa Februari 1946. Ilikuwa kubwa kama nyumba. Waliopanga maagizo yake, kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi kwa maelfu, walikuwa wanawake sita waliotoka katika kazi ya kuhesabu kwa mkono: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Siku ya sherehe wakubwa walikula chakula cha jioni kwa fahari. Wanawake wale hawakualikwa. Picha zao zilibaki makumbusho kwa miaka bila majina, na walioziona walidhani ni wasichana waliosimamishwa pale ili mashine ipendeze.

Mwingine ni Dorothy Vaughan, Mmarekani Mweusi, na huyu ndiye tungependa kila katibu wa tawi amjue. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege huko Virginia, kwenye chumba cha wahesabuji Weusi, waliotengwa hata meza ya kulia chakula. Mwaka 1949 akawa msimamizi wao. Baadaye akaona mashine za elektroniki zinaletwa, naye akaelewa maana yake: kazi ya mkono inakwisha. Hakungoja barua ya kufukuzwa. Alijifunza mwenyewe lugha ya kompyuta, iitwayo FORTRAN, kisha akawafundisha wanawake wa chumba chake. Mashine ziliposhika kazi, wao ndio waliojua kuziendesha.

Hapa tunasimama kidogo, kwa maana jambo hili limetugusa katika mashamba na viwanda vyetu. Mashine za kuchuma chai zilipofika Kericho nchini Kenya, mabishano yalikuwa kati ya kuzikataa na kuzipokea, na wachumaji, wengi wao wanawake, walipoteza kazi wakati watu wanabishana. Ni mara ngapi mkataba wa hali bora wa kazi umetaja nani atafundishwa mashine mpya, kwa gharama ya nani, na kabla ya siku gani? Tumeipekua mikataba tuliyo nayo hapa ofisini. Nyongeza ya mshahara imo, viatu vya mpira vimo, rambirambi imo. Hilo la mafunzo tulilikuta katika michache mno, nayo imeandikwa kwa maneno yasiyomshika mwajiri.

Kwa wenzetu wa viwanda vya nguo tuna la ziada. Kadi zilizotobolewa matundu, ambazo kompyuta za zamani zilizitumia kusoma maagizo, zilitoka kwenye kitanda cha mfumi. Jacquard, fundi wa Lyon, Ufaransa, alitengeneza mwaka 1804 mtambo uliofuma maua kwenye hariri kwa kufuata kadi za matundu. Mwingereza Charles Babbage akachukua kadi zile kwa mashine ya hesabu aliyoibuni, na mwaka 1843 mwanamke, Ada Lovelace, akaandika maelezo marefu jinsi mashine hiyo ingeagizwa kufanya kazi. Mashine haikujengwa ikamalizika, lakini maelezo yake huhesabiwa na wengi kuwa programu ya kwanza kuchapishwa. Basi mtu asiwaambie wafumaji kwamba mambo haya ni ya mbali nao.

WAKAPUNGUA

Mtu atauliza: ikiwa wanawake walikuwapo tangu mwanzo, mkutano wa kuwatia moyo ni wa nini? Jibu ni kwamba walisukumwa nje. Mwaka 1984 huko Marekani wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliohitimu chuo kikuu katika somo la kompyuta. Miaka ya 2010 walikuwa wameshuka hadi kama asilimia 18. Katika udaktari na sheria wanawake waliongezeka miaka hiyo hiyo; katika kompyuta walipungua.

Sababu wanayoitaja wengi ni nyepesi kueleweka. Miaka ya 1980 kompyuta ndogo za nyumbani ziliingia madukani, na matangazo yakaziuza kama mchezo wa wavulana. Wazazi wakamnunulia mtoto wa kiume. Alipofika chuoni alikuwa amekwisha zoea, na walimu wakaanza kufundisha kana kwamba kila mtu amezoea. Msichana akajiona mjinga, akaacha. Hakuna sheria iliyomkataza. Ni baba na mama tu waliopiga hesabu yao, kama rafiki yetu wa Mununga.

KWETU AFRIKA

Tusidhani kwamba Afrika ilikaa ikitazama. Tanzania ilikuwa na kompyuta Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965, kisha mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, baada ya kuona hasara. Zambia iliunganishwa na intaneti mwaka 1994 kupitia ZAMNET, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Zambia, na nchi zilizotutangulia kusini mwa Sahara zilikuwa chache.

Kina mama nao hawakulala. Dorcas Muthoni wa Kenya alianzisha kampuni yake ya programu akiwa na umri wa miaka 24, na mwaka 2004 akaanzisha AfChix, umoja wa wanawake wa kompyuta barani. Mwaka 2014 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya waliojenga intaneti duniani. Mwaka 2010 Judith Owigar na wenzake walianzisha AkiraChix mjini Nairobi, shule inayochukua wasichana wa familia zisizojiweza na kuwafundisha kuandika programu. Taasisi ya Anita Borg, ambayo ndiyo mwenye mkutano tunaouzungumza, ilimtunuku Owigar mwaka 2011, na baadaye Barbara Birungi wa Uganda, aliyeanzisha chama cha wanawake katika teknolojia Kampala mwaka 2012.

Na Lusaka? Mwaka huo huo wa 2012 wasichana watatu, Ella Mbewe, Chisenga Muyoya na Regina Mtonga, walianzisha Asikana Network. Asikana kwa Kinyanja ni wasichana. Walikuwa wakikutana mahali wanapokusanyika vijana wa kompyuta, BongoHive, wakaona kwamba wanawake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wakaanza kufundisha wenzao, kisha wakaenda mashuleni. Hili tulimwambia binti wa Mununga kabla ya yote. Orlando ni mbali na nauli yake haipo. Lusaka ni safari ya basi.

TUSIDANGANYANE

Chama si kipaza sauti cha sherehe za watu, kwa hiyo tuseme na upande wa pili.

Mkutano ule hudhaminiwa na makampuni makubwa, na kiingilio chake ni mamia ya dola. Aliyefika pale ama ametumwa na mwajiri, ama amepata ufadhili. Wale wanaokaza skurubu za simu viwandani na wale wanaochimba kobalti Kolwezi hawaalikwi. Nayo Kongo, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, ndiyo inayotoa kama asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ambayo bila hiyo betri nyingi za simu na kompyuta zisingekuwapo.

Mwaka 2023 kulitokea jambo. Makampuni ya kompyuta yalikuwa yamefukuza wafanyakazi kwa makumi ya maelfu mwaka mmoja uliotangulia, na wanaume wengi wasio na kazi wakajiandikisha kwenye mkutano wa wanawake ili wafike kwenye meza za waajiri. Foleni zikawa ndefu, watu wakasukumana, wanawake wakarudishwa nyuma ya mstari katika mkutano wao wenyewe. Waandalizi waliwalaumu wanaume hadharani. Sisi tunaona lawama hiyo ni nusu tu. Aliyepunguza kazi alikuwa amekaa mezani anapokea barua za maombi, na hakuna aliyemgeukia.

Hapa Afrika Mashariki kazi za kompyuta zimekuja pia kwa sura nyingine. Vijana mjini Nairobi, wake kwa waume, waliajiriwa kutazama picha na maandishi mabaya yanayopelekwa kwenye mitandao, ya mauaji na ukatili wa kila namna, ili yafutwe wengine wasiyaone, na wengine wao kuifundisha mashine kuyatambua. Ujira ulikuwa mdogo na wengi waliugua akili. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Tunawapongeza. Kazi ikiitwa ya kisasa haiachi kuwa kazi, na wasichana tunaowatia moyo waingie humo waingie wakijua kwamba watahitaji kadi ya chama kama mama zao walioinama kwenye chai.

MUNUNGA TENA

Tulirudi Mununga mwezi wa Januari. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa ufukoni na bei ya chisense ilikuwa imepanda. Mama wa nyumba alikuwa amekaa mlangoni na simu yake. Mnunuzi wa Kitwe alikuwa ametuma fedha kwa simu, naye alimwita binti amsomee ujumbe, amhakikishie kwamba fedha zimeingia na si ulaghai. Binti akasoma, akapiga hesabu ya makato, akamwambia mama yake kiasi kilichobaki. Ilichukua muda mfupi kuliko tunavyoandika hapa. Baba aliangalia akanyamaza.

Tulimweleza mzee yote, habari za Hopper, wale sita wa ENIAC na wasichana wa Lusaka. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza maswali ambayo sisi hatukuyafikiria. Shuleni somo la kompyuta lilifanywa la lazima kwa gredi ya 8 na ya 9 na mtaala ulioanza mwaka 2014, sawa, lakini binti yake aligusa kompyuta mara ngapi? Binti akajibu kwamba zilikuwa chache, kila moja wanafunzi wengi, na umeme ukikatika mwalimu alichora vitufe ubaoni, nao wakabonyeza ubao. Mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba na umeme ukawa wa saa chache kwa siku, ubao ulitumika zaidi.

"Basi atashindana vipi na mtoto wa Lusaka aliyelala na kompyuta?" mzee aliuliza.

Swali hilo ni la haki, nasi hatukumjibu kwa maneno matamu. Tulimwambia kwamba atachelewa mwanzoni, na kwamba Hopper naye aliikuta mashine asiyoijua akiwa na umri wa miaka 37. Mama, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, ndiye aliyeuliza la maana: "Ba tata, kijana akitaka kuchomelea, fundi wa Kashikishi si anachukua wanagenzi bila karo? Huyu wa kompyuta nani atamchukua hapa ufukoni?"

Kijana mwenyewe alikuwa ameegemea mlango. Akasema fundi yule anamfahamu.

Mzee hakujibu. Tulizungumza mengine: mvua, tawi letu la zamani, na nani amefariki. Kwa upande wetu tuliahidi mawili, nayo tunayaandika hapa ili wanachama watudai. La kwanza, tawi la Nchelenge litaweka siku moja kila mwezi ya kuwasaidia wazazi kujaza fomu za mfuko wa jimbo, na litaandika majina ya wasichana na ya wavulana walioomba ili tujue nani anaachwa. La pili, kifungu cha mafunzo ya mashine mpya kwa wanawake na wanaume kitapelekwa kwenye mazungumzo yajayo ya mkataba, kikiwa na tarehe ndani yake.

Fomu zilikuwa zipokelewe Ijumaa. Tulipoaga Jumatano asubuhi fomu ilikuwa bado juu ya meza, imewekewa kikombe ili upepo wa ziwa usiichukue. Jina la mwombaji lilikuwa limefutwa kwa kifutio na kuandikwa upya kwa mwandiko wa binti. Sahihi ya mzazi ilikuwa bado. Mzee alikuwa nje, akitafuta kalamu yenye wino.